Harry Ferguson na Trekta Lake

Sisi wa Nduruma tumezoea kuona trekta likiinua plau yake juu, likigeuka mwisho wa shamba na kuishusha tena. Asili ya kazi hiyo ni Bwana Harry Ferguson.

Alizaliwa mwaka 1884 karibu na Dromore, Ireland. Baba yake alikuwa mkulima, lakini kijana huyu hakuipenda kazi ya shamba hata kidogo! Alikwenda Belfast kutengeneza magari pamoja na kaka yake, na mwaka 1909 aliruka kwa ndege aliyoiunda mwenyewe, wa kwanza nchini mwao.

Mwaka 1917 serikali ilimtaka ayachunguze matrekta. Zamani hizo plau ilikokotwa nyuma kama mkokoteni. Ikikwama kwenye jiwe, trekta liliweza kuinuka mbele na kumpindukia dereva. Wengine walikufa hivyo. Ferguson aliifunga plau kwa mikono mitatu, miwili chini na mmoja juu, akaiinua kwa nguvu ya mafuta. Plau ikikwama, mkono wa juu huzuia pua ya trekta isiinuke.

Mwaka 1938 alipatana na Henry Ford kwa kupeana mikono tu. Laiti wangaliandika! Mjukuu wa Ford aliyavunja mapatano, ikawa kesi, na mwaka 1952 Ferguson alilipwa dola milioni 9.25. Alifariki mwaka 1960.

Trekta lake dogo la kijivu, TE20, lilitengenezwa Coventry tangu 1946 hata 1956, zaidi ya 500,000. Mpaka leo wapo watu wanaoyakusanya yaliyooza kwa kutu, huyafungua skrubu moja moja, wakayafufua na kuyapaka kijivu kilekile.