Dolivo-Dobrovolsky, mhandisi aliyeacha urithi wa umeme wa njia tatu

Mwenye nyumba anayeomba kuunganishiwa umeme katika nchi za Afrika Mashariki hukabiliwa na swali moja mapema: umeme wa njia moja au wa njia tatu? Swali hilo lina umri wa zaidi ya karne moja. Asili yake ni kazi ya mhandisi mzaliwa wa Urusi, Mikhail Dolivo-Dobrovolsky, aliyefariki dunia mwaka 1919 akiwa na umri wa miaka 57.

Milango ya vyuo yafungwa

Dobrovolsky alizaliwa Januari 2, 1862, katika mji wa Gatchina, karibu na Saint Petersburg. Alikulia Odessa, kando ya Bahari Nyeusi, kisha akajiunga na chuo cha ufundi cha Riga. Machi 1881 mfalme wa Urusi, Alexander wa Pili, aliuawa kwa bomu. Serikali iliwaandama wanafunzi walioshukiwa kuwa wapinzani, na Dobrovolsky akawa miongoni mwa waliofukuzwa. Adhabu haikuishia Riga, kwani hakuruhusiwa tena kusoma katika chuo chochote cha dola ya Urusi.

Kijana huyo alihamia Ujerumani, katika mji wa Darmstadt, ambako Profesa Erasmus Kittler alikuwa ameanza kufundisha uhandisi wa umeme kama taaluma inayojitegemea. Alikuwa mwanafunzi wake, kisha msaidizi wake. Mwaka 1887 aliajiriwa na kampuni ya AEG mjini Berlin.

Mota iliyokosekana

Umeme wa mijini zama hizo ulikuwa kwa sehemu kubwa wa mkondo mnyoofu, yaani unaotiririka upande mmoja tu. Ulifaa kuwasha taa zilizo karibu na mtambo, lakini ukipelekwa mbali, sehemu kubwa ilipotea njiani. Mkondo geu, unaobadili mwelekeo mara nyingi kila sekunde, uliweza kupandishwa nguvu ya msukumo kwa transfoma na kusafirishwa mbali. Kilichokosekana ni mota nzuri ya kuutumia. Wenye viwanda hawakutaka taa peke yake. Walitaka kuendesha mashine.

Mwaka 1888, Galileo Ferraris wa Turin, Italia, alichapisha utafiti ulioonyesha kwamba mikondo miwili inayopishana kwa wakati huweza kuzungusha chuma bila kukigusa. Mwaka huo huo Nikola Tesla alipata hataza za Marekani za mota za aina hiyo. Ferraris mwenyewe aliamini kwamba mota hiyo isingeweza kutumia zaidi ya nusu ya nishati inayopewa. Dobrovolsky aliusoma utafiti huo na kuliona kosa: Ferraris alikuwa ametafuta hali inayotoa nguvu nyingi kuliko zote, si hali inayopoteza kidogo kuliko zote.

Dobrovolsky alichagua mikondo mitatu, kila mmoja ukichelewa nyuma ya mwenzake kwa theluthi ya mzunguko. Ni mfano wa watu watatu wanaotwanga katika kinu kimoja: mchi mmoja ukiinuka, mwingine unashuka, na kinu hakipumziki. Mwaka 1889 alitengeneza mota ambayo sehemu yake inayozunguka ilikuwa na fito za shaba zilizounganishwa kwa pete, mfano wa tundu la ndege. Ilijiwasha yenyewe, haikutoa cheche na haikuwa na vipuri vingi vya kuchakaa.

Aligundua pia faida iliyowafikia wenye nyumba moja kwa moja. Akiongeza waya wa nne, uitwao nyutro, mtandao mmoja hutoa viwango viwili vya volti. Katika nyumba za leo, volti 230 hupatikana kati ya njia moja na nyutro, na volti 400 kati ya njia moja na nyingine. Taa na kinu cha kusaga vikaweza kutumia nguzo zile zile.

Jaribio la Frankfurt

Mwaka 1891 yaliandaliwa Maonyesho ya Kimataifa ya Umeme mjini Frankfurt, chini ya Oskar von Miller. Iliamuliwa umeme utoke Lauffen, kwenye maporomoko ya Mto Neckar, umbali wa kilomita 175. Dobrovolsky alitengeneza mota na transfoma, naye Charles Brown wa kiwanda cha Oerlikon, Uswisi, alitengeneza jenereta. Wataalamu wengi walitabiri aibu, na jina la AEG lilikuwa rehani.

Agosti mwaka huo umeme ulifika. Taa 1,000 ziliwaka, na mota ya Dobrovolsky yenye nguvu za farasi 100 ikasukuma maji ya maporomoko ya kutengenezwa. Vipimo vilionyesha kwamba takriban asilimia 75 ya nishati iliyotoka Lauffen ilifika Frankfurt.

Ushindi huo ulizua ugomvi kuhusu nani alitangulia. Ferraris, Tesla, Friedrich August Haselwander wa Ujerumani na Jonas Wenström wa Sweden, kila mmoja alikuwa na sehemu yake. Lililo wazi ni kwamba Dobrovolsky aliunganisha jenereta, transfoma, nyaya na mota zikawa mfumo mmoja unaofanya kazi.

Chaguo la mwenye nyumba

Mfumo huo ndio unaopita juu ya nguzo za mitaani leo. Nyumba yenye taa, televisheni, jokofu na pasi hutoshelezwa na njia moja. Njia tatu hufaa penye mashine ya kusaga, ya kuchomelea vyuma au pampu kubwa ya kisima. Gharama zake huwa kubwa zaidi, na fundi hulazimika kugawa matumizi kwa uwiano katika njia zote tatu. Waya wa nyutro ukikatika, vyombo vya volti 230 vyaweza kupata volti nyingi kupita kiasi. Njia moja ikizimika, mota isiyo na kinga yaweza kuungua.

Ukomo wa uvumbuzi wake

Dobrovolsky aliishi Uswisi kwa miaka kadhaa na kupata uraia wake, kisha akarejea AEG. Mwaka 1911 chuo cha Darmstadt kilimtunuku shahada ya heshima.

Mwishoni mwa maisha yake alifanya jambo ambalo wavumbuzi wengi hulikwepa: alieleza ukomo wa kazi yake mwenyewe. Alionyesha kwamba kwa masafa marefu sana mkondo geu hautafaa, na kwamba mkondo mnyoofu, ule uliokuwa umeshindwa, utahitajika tena. Alifariki kwa maradhi ya moyo Novemba 15, 1919, mjini Heidelberg, akazikwa Darmstadt.

Muda ulithibitisha hoja yake. Njia ya umeme ya kilomita 1,700 hivi kutoka Inga hadi Kolwezi, Kongo, hutumia mkondo mnyoofu. Vivyo hivyo njia ya kilomita zaidi ya 1,000 inayoleta umeme wa Ethiopia nchini Kenya. Ukifika mwisho wa safari hiyo, umeme hubadilishwa kuwa wa njia tatu, ndipo huelekea majumbani.