Henrietta Leavitt, Mpima wa Nyota

Mtu asimamaye ufukoni Butimba usiku wa giza huona taa za wavuvi wa dagaa zimetapakaa ziwani. Taa moja ina mwanga hafifu. Je, ni ndogo, au ni kubwa lakini iko mbali? Jicho peke yake haliwezi kuamua. Ndivyo ilivyokuwa zamani katika habari za nyota, hata mwanamke mmoja akavumbua njia ya kujua.

Henrietta Swan Leavitt, binti wa mchungaji, alizaliwa Marekani tarehe 4 Julai 1868. Alihitimu masomo mwaka 1892. Ugonjwa ulimharibu masikio akawa kiziwi, lakini bidii hakupungukiwa. Katika nyumba ya kutazamia nyota ya Harvard alifanya kazi kwanza bila mshahara, halafu akalipwa senti 30 kwa saa. Darubini ilikuwa kazi ya wanaume; yeye alichungua picha za mbingu zilizopigwa juu ya vioo, nyingine zikitoka Peru.

Alitazama mawingu mawili ya nyota yaitwayo ya Magellan, ambayo hata sisi huku huyaona chini upande wa kusini, jioni za Desemba zisizo na mbalamwezi. Humo zimo nyota ambazo mwanga wake huongezeka na kupungua kwa zamu. Nyota za wingu moja ziko mbali nasi karibu sawasawa; kwa hiyo ing'aayo zaidi ni kubwa kweli kwa mwanga. Mwaka 1912, kwa nyota 25, alionyesha kwamba nyota yenye mwanga mwingi huchukua siku nyingi zaidi kurudia hali yake. Basi, umbali wa nyota chache za karibu ulipokwisha kupimwa na wengine, kuhesabu siku kukatosha kujua nguvu ya taa, na kwa hiyo umbali wake.

Alifariki tarehe 12 Desemba 1921. Baadaye mtaalamu mmoja wa Sweden alitaka kumtaja apewe tuzo ya Nobel, asijue kwamba amekwisha kufa.

Kipimo chake hakikufa. Mwaka 2019 wataalamu wa Poland walipima nyota zaidi ya 2,400 za namna hiyo, wakachora umbo la Njia Nyeupe, ambamo jua letu ni nyota moja tu. Si bapa kama sahani. Ukingo wake umepinda, upande huu juu na upande ule chini, kama ungo ulionyeshewa mvua kisha ukakaukia juani. Mawimbi ya redio yalikuwa yamedokeza hivyo tangu mwaka 1957. Sasa nyota zenyewe zikashuhudia.

Hivyo yeye asiyesikia sauti za watu, wala hakungoja sifa zao, aliwaachia kipimo kitumikacho hata leo.