Mkwawa: Fuvu lililosubiriwa kwa miaka 56
MGENI anayefika Kalenga, nje kidogo ya mji wa Iringa, hukuta makumbusho madogo yanayohifadhi fuvu la Mtwa Mkwawa, mtawala wa Wahehe. Agosti 17, 1891, huko Lugalo, jeshi lake liliangamiza kikosi cha Wajerumani na kumuua kamanda wake, Emil von Zelewski. Ngome ya Kalenga ilianguka mwaka 1894, lakini Mkwawa aliendelea kupigana porini hadi Julai 1898, alipojiua kwa risasi asikamatwe. Kichwa chake kilipelekwa Ujerumani. Mkataba wa Versailles wa 1919 uliagiza kirejeshwe, lakini Wahehe walisubiri hadi Juni 19, 1954. Leo, Boma la Wajerumani mjini Iringa ni makumbusho na kituo cha utamaduni.