Mzee Matthew Wellington, Shahidi wa Mwisho

Katika mitaa yetu ya Kinondoni na Temeke wako wazee ambao mwaka wa kuzaliwa kwao haukuandikwa. Jeanne Calment wa Ufaransa, aliyefariki mwaka 1997, alihesabiwa miaka 122, kwa kuwa kuzaliwa kwake kuliandikwa kitabuni. Lakini Chengwimbe, mtoto wa Kiyao, nani angemhesabia?

Alitekwa angali mdogo, akauzwa utumwani. Manowari ya Waingereza ilimwokoa baharini, akapelekwa Nasik katika Bara Hindi, akafundishwa, akaitwa Matthew Wellington. Mwaka 1872 alifika Unyanyembe pamoja na wapagazi waliotumwa kwa Dakta Livingstone. Livingstone alipokufa kijijini kwa Chitambo mwaka 1873, Chuma na Susi na wenzao, naye Matthew miongoni mwao, waliuzika moyo wake pale, wakaukausha mwili kwa chumvi na jua, wakauchukua hata Bagamoyo. Wengine walikufa njiani. Waliosalia wakafika pwani Februari 1874.

Baadaye Matthew alikaa Mombasa. Wenzake wakafa mmoja mmoja, naye akabaki peke yake hata mwaka 1935. Tangu kifo cha Livingstone twahesabu miaka 62. Miaka iliyotangulia hatuwezi kuihesabu; utumwa ulimnyang'anya hesabu hiyo pamoja na nyumba ya wazazi wake.

Basi tusiwaulize wazee wetu umri tu. Tuwaulize waliyoyaona, tukayaandike, kabla shahidi wa mwisho hajaondoka.