César Ritz

César Ritz (Niederwald, Uswisi, 23 Februari 1850 – Küssnacht, Uswisi, 24 Oktoba 1918) alikuwa meneja na mwanzilishi wa hoteli za kifahari. Anajulikana hasa kwa hoteli zenye jina lake mjini Paris na London, na kwa ushirikiano wake na mpishi Mfaransa Auguste Escoffier. Kazi yao ilisaidia kueneza mambo ambayo msafiri wa kikazi anayatarajia leo katika hoteli kubwa ya mjini, kama vile bafu ndani ya chumba na mgahawa wa hali ya juu katika jengo hilohilo.

Maisha ya awali

Ritz alizaliwa katika kijiji cha milimani cha jimbo la Valais, akiwa mtoto wa 13 wa familia ya wakulima maskini. Alipofikia umri wa miaka 15 alipelekwa mji wa Brig kujifunza kazi ya kuhudumia mvinyo hotelini. Inasimuliwa kwamba mwajiri wake alimwachisha kazi kwa kumwona hana kipaji chochote cha hoteli.

Mwaka 1867, wakati wa Maonyesho ya Dunia, alikwenda Paris. Alianza na kazi za chini, kisha akawa mhudumu wa mezani, na hatimaye akaajiriwa Voisin, mojawapo ya migahawa bora ya mji huo. Huko alijifunza kukumbuka kila mteja anapenda nini na anachukia nini.

Katika miaka ya 1870 alifanya kazi katika hoteli ya Rigi Kulm, juu ya mlima nchini Uswisi. Inasemekana kwamba siku moja mitambo ya kupasha joto iliharibika wakati kundi la wageni kutoka Marekani lilikuwa njiani kuja kula. Ritz aliwasha moto katika vyungu vikubwa vya shaba, akapasha matofali ili wageni waweke miguu yao juu yake, na akabadilisha menyu iwe ya vyakula vya moto. Baadaye alipewa umeneja wa Grand Hotel National mjini Lucerne. Majira ya baridi alisimamia hoteli za pwani ya kusini, na katika miaka ya 1880 alianza kushirikiana na Escoffier huko Monte Carlo.

Savoy ya London

Hoteli ya Savoy ilifunguliwa London mwaka 1889 na Richard D'Oyly Carte. Ilikuwa na taa za umeme, lifti na mabafu mengi kuliko ilivyokuwa kawaida wakati ule. D'Oyly Carte alimwajiri Ritz kuwa meneja, naye Escoffier akawa mpishi mkuu.

Wakati huo matajiri wa London walizoea kula nyumbani, na wanaume katika vilabu vyao. Ritz aliwavuta waje kula hotelini kwa kuweka muziki, mwanga wa kupendeza na sharti la mavazi rasmi ya jioni. Wanawake wa tabaka la juu nao walianza kula hadharani. Jikoni, Escoffier aligawa wapishi katika vitengo, kila kimoja na kazi yake: michuzi, nyama za kuchoma, samaki, mboga au vitu vitamu. Kwa njia hiyo chakula kilichohitaji mikono mingi kilifika mezani haraka.

Hata hivyo, mwezi Machi 1898 Ritz na Escoffier walifukuzwa kazi. Wenye hoteli walidai kwamba mvinyo na pombe kali za thamani ya zaidi ya pauni 3,400 hazikuwa na maelezo. Shauri lilimalizwa nje ya mahakama mwaka 1900, na Escoffier alikiri kwa maandishi kwamba alipokea bakshishi kutoka kwa wauzaji wa vyakula. Hati hizo zilijulikana kwa umma miongo mingi baada ya wote wawili kufariki.

Hoteli zake

Tarehe 1 Juni 1898, miezi michache tu baada ya kufukuzwa, Ritz alifungua Hôtel Ritz katika uwanja wa Place Vendôme, Paris. Jengo lilitayarishwa na msanifu Charles Mewès. Vyumba vilikuwa na mabafu yake, na mapambo yalichaguliwa yawe rahisi kusafisha. Ritz alijaribu rangi mbalimbali za vivuli vya taa akimtumia mke wake, Marie-Louise Beck, ili kuona mwanga upi unapendeza zaidi usoni. Mwaka 1899 ilifuata hoteli ya Carlton mjini London, ambako Escoffier alisimamia jiko.

Ugonjwa na kifo

Mfalme Edward VII wa Uingereza alitarajiwa kutawazwa tarehe 26 Juni 1902, na Carlton ilikuwa imejiandaa kwa karamu kubwa. Siku mbili kabla, mfalme alifanyiwa upasuaji wa ghafla na sherehe ikaahirishwa. Ritz aliwatangazia wageni, akashughulikia mipango iliyovunjika, kisha akaanguka kwa uchovu wa akili. Hakupona kabisa.

Ritz ya London ilifunguliwa mwaka 1906, na ile ya Madrid mwaka 1910, wakati yeye mwenyewe alikuwa akizidi kujitenga na kazi. Miaka yake ya mwisho aliishi chini ya uangalizi wa madaktari nchini Uswisi. Alifariki Küssnacht, karibu na Lucerne, na kaburi lake lipo Niederwald, kijiji alichozaliwa.

Urithi

Mke wake na baadaye mwana wao Charles waliendelea kushiriki katika uongozi wa hoteli ya Paris. Mfanyabiashara wa mafuta Calouste Gulbenkian alikuwa na vyumba vyake vya kudumu katika Ritz ya London. Jina la Ritz lilitumiwa pia na hoteli za Ritz-Carlton nchini Marekani, na katika Kiingereza limezaa kivumishi chenye maana ya kitu cha anasa.