Sayyidna Umar bin Abdulaziz na Mali ya Waislamu

Ndugu zangu Waislamu, wako katika watu wetu wanaodhani kuwa mali ya serikali haina mwenyewe, na kuwa mtu akipitisha mzigo forodhani bila ya kulipa ushuru, au akiandika daftarini kazi isiyofanywa, huyo ni mwerevu wala si mwizi. Kwa hivyo nimeona niwasimulie khabari za Sayyidna Umar bin Abdulaziz, Mwenyezi Mungu amrehemu, ambaye Imamu wetu Shafii amemhisabu kuwa ni wa tano katika makhalifa waongofu.

Alizaliwa mnamo mwaka wa 61 wa Hijra (680-681) akalelewa Madina. Baba yake, Abdulaziz bin Marwan, alikuwa wali wa Misri. Mama yake, Ummu Asim, ni mjukuu wa Sayyidna Umar bin Al-Khattab, na kisa cha bibi mzaa mama yake ni mashuhuri: yule msichana aliyekataa amri ya mama yake ya kutia maji katika maziwa ya kuuza, akasema kuwa Khalifa haoni lakini Mola wake anaona, Sayyidna Umar akasikia, akamwoza mwanawe Asim. Basi huyu mjukuu alianzia kwenye ukoo wa maziwa yasiyotiwa maji. Lakini ujana wake ulikuwa wa anasa, nguo za thamani na manukato. Alikuwa wali wa Madina tangu mwaka wa 87 (706) hata 93 (712), na hapo alikaa na wanavyuoni akiwataka shauri.

Alipotawazwa katika mwezi wa Safar mwaka wa 99 (717), baada ya kufa Sulaiman bin Abdulmalik, aliletewa farasi wa makhalifa. Akawakataa, akaamuru wauzwe na thamani yao itiwe katika Baitulmali. Kisha akaanza na nyumba yake mwenyewe, na hapa ndipo wengi wanaotaka kutengeneza serikali wanaposhindwa. Alirudisha mashamba aliyopewa bila ya haki. Mkewe, Fatima binti Abdulmalik, alikuwa na vito alivyopewa na baba yake. Akampa khiyari baina ya vito hivyo na kukaa naye, naye bibi yule akavitoa kwa radhi. Umar alipokufa, nduguye Fatima aliyetawala alitaka kumrudishia, naye akakataa kuvipokea. Baada ya nyumba yake ndipo akawageukia Bani Umayya, akawanyang'anya walivyodhulumu watu, wakamchukia chuki kubwa.

Akawaandikia mawali wasifanye biashara katika nchi wanazozihukumu, kwani mwenye amri akiuza, nani atathubutu kushindana naye katika bei? Akakataza hadiya kwa wafanyakazi wa serikali. Siku moja alitamani tufaha, jamaa yake akampelekea, akayarudisha. Alipoambiwa kuwa Mtume alikuwa akipokea hadiya, alijibu kuwa kwa Mtume ilikuwa hadiya, na kwao wao imekuwa rushwa. Wala hakuzua, Mtume wetu mwenyewe alimkemea juu ya mimbari mtoza sadaka aliyekuja na mali akadai kuwa sehemu yake amepewa zawadi, akauliza kwa nini asikae nyumbani kwa baba yake na mama yake aone kama zawadi itamjia. Na wali wa Madina alipoomba karatasi zaidi, Umar alimwandikia achonge kalamu iwe nyembamba na asogeze mistari.

Lakini kisa kikubwa ni cha Yazid bin Al-Muhallab. Huyu alikuwa wali wa Khurasan, akaifungua Jurjan mwaka wa 98, akamwandikia Khalifa Sulaiman kuwa khumsi ya ngawira iliyoko mikononi mwake ni mamilioni ya dirham. Karani wake alimwonya asitaje kiasi, maana kitabaki katika daftari na atatakiwa siku moja. Asisikie. Sulaiman akafa, barua ikabaki. Umar akamwita, akamtaka mali. Yazid akasema aliandika kwa kujifakharisha tu, kwa kuwa alijua Sulaiman hatamtaka kitu. Umar akamjibu kuwa hiyo ni haki ya Waislamu, naye hana ruhusa ya kuiacha, akamfunga katika ngome ya Halab. Mwanawe, Mukhallad, akaja kumwombea suluhu. Umar akampenda kijana yule akamwona bora kuliko baba yake, wala hakupunguza hata dirhamu moja. Akakusudia kumpeleka Yazid kisiwa cha Dahlak, katika bahari ya Sham upande wa Habeshi, ila alikhofishwa kuwa kabila yake watamnyang'anya njiani, akarudishwa kifungoni.

Tazameni hapa, maana watu huchanganya. Umar alimfunga Yazid kwa sababu ya ikirari yake mwenyewe kwa maandiko. Ama wali wa Basra alipomwomba ruhusa ya kuwatesa wafanyakazi waliodhaniwa kula mali, alimkatalia kwa ukali: atwae kwa ushahidi au kwa ikirari, na asiyepatikana na haya aapishwe kisha aachwe, kwani kwake yeye ni kheri wakutane na Mungu na khiyana zao kuliko yeye kukutana Naye na damu zao. Na msighurike kwa kusikia kuwa kwa wanavyuoni wetu mwenye fungu katika Baitulmali hakatwi mkono akiiba humo. Hilo ni kwa ajili ya shubha, na shubha huondoa hadi, haiondoi dhambi, wala kurudisha mali, wala taaziri ya kadhi.

Alitawala miaka miwili na miezi mitano tu. Alipokuwa mgonjwa, Yazid alitoroka kifungoni, akamwandikia kuwa lau angejua ataishi asingalikimbia, ila anamkhofu atakayemfuatia. Akaasi, akauawa mwaka wa 102 (720).

Umar alifariki katika Rajab mwaka wa 101 (720) huko Dair Samaan, umri wake kama miaka arubaini. Imepokewa kuwa alilishwa sumu na mtumwa wake. Akamwita, akamwuliza alilipwa nini. Akasema dinari 1,000 na ahadi ya uhuru. Umar akamwamuru azilete zile dinari, akazitia katika Baitulmali, kisha akamwambia yule mtumwa aende zake mahali ambapo hataonekana na mtu.