Ernst May: Mpangaji wa Miji Aliyewawazia Wapangaji

Ukitembea mitaa ya Kamenu, mjini Thika, utaona vyumba vya kupanga vilivyojengwa mstari mmoja: ukuta wa huyu ndio ukuta wa jirani yake, mlango kwa mlango, bomba moja na choo cha shirika. Wenyewe huziita ploti. Wengi hudhani kwamba nyumba za mstari ni za dhiki tangu asili yake.

Waama, sivyo. Huko Uingereza, enzi ya wafalme wanne walioitwa George, kuanzia 1714 hadi 1830, nyumba zilizoungana zilikuwa fahari ya matajiri. Zilijengwa kwa matofali, na madirisha yake marefu yalilingana, mtaa mzima ukawa na uso mmoja. Baadaye, hasa mjini Dublin, Ireland, matajiri walihama, nyumba zikakatwa vyumba, na kila chumba kikapangishwa aila nzima. Dhiki basi haikuletwa na mstari. Ililetwa na kurundika watu pasipo maji, hewa wala nafasi.

Bwana mmoja aliyelifahamu jambo hili ni marehemu Ernst May, Mjerumani aliyeishi Afrika Mashariki takriban miaka 20.

Alizaliwa Frankfurt mwaka 1886. Ujanani alisoma London, kisha akarejea Uingereza kufanya kazi kwa Raymond Unwin, bingwa wa vitongoji vyenye bustani. Mwaka 1925 alikabidhiwa ujenzi wa mji wake wa Frankfurt, ambao baada ya Vita Vikuu vya Kwanza ulikuwa na uhaba mkubwa wa nyumba. Katika miaka mitano tu zilijengwa zaidi ya nyumba 10,000. Nyingi zilikuwa za mistari, zenye paa bapa, jua likiingia vyumbani na kipande cha bustani nyuma. Mwenzake, Bibi Margarete Schütte-Lihotzky, alizibunia jiko dogo ambalo mpishi hufikia kila kitu kwa hatua chache. Jiko hilo la 1926 ndilo babu wa majiko ya kisasa duniani.

Lakini kazi hiyo haikukosa dosari. Ujenzi uligharimu fedha nyingi, kodi ikapanda, na maskini hohehahe waliokusudiwa wakabaki nje. Waliohamia wengi wao walikuwa makarani na mafundi wenye mshahara wa kutosha.

Mwaka 1930 May alikwenda Urusi na kundi la wasanifu wenzake kupanga miji ya viwanda. Hitler aliposhika madaraka mwaka 1933, May, mwenye asili ya Kiyahudi, hakuweza tena kurudi kwao. Mwaka 1934 akaja Tanganyika, akalima shamba karibu na Arusha. Baadaye alihamia Nairobi na kufungua ofisi. Vita vya Pili vilipozuka, Waingereza walimweka kizuizini kwa kuwa ni Mjerumani, ingawa Wajerumani wenyewe walimkana.

Alipoachiwa alichora mpango wa kuipanua Kampala, vilima vya Kololo na Naguru, kati ya 1945 na 1947. Mombasa ilipata kwake Hoteli ya Oceanic iliyotazama bahari, na nyumba za Waafrika upande wa Tudor. Aliwaza pia nyumba za bei nafuu za vipande vya zege vilivyotengenezwa tayari, zenye umbo la tao.

Hapo napo tuseme kweli. Mpango wake wa Kampala ulimtenga Mwafrika kilima chake na Mzungu kilima chake, kama serikali ya kikoloni ilivyotaka. Aliyekimbia ubaguzi kwao alichora ubaguzi kwetu. Mwisho wa 1953 alirudi Ujerumani, akafariki Hamburg mwaka 1970.

Kiswahili chetu kina neno moja, mpangaji, kwa anayechora mji na kwa anayelipa kodi ya chumba. May alijaribu kuwakutanisha hao wawili, akafaulu nusu. Nusu iliyobaki ni yetu. Leo maghorofa ya kupangisha yanapoota katika miji yetu, tusihadaike na rangi ya ukuta. Nyumba njema si mlango. Ingia ndani uhesabu watu kwa kila chumba, uangalie jua linapopita, kisha uulize kodi ni kiasi gani, na ni nani anayeiweza.